Skrepa Haijai: Angalia Ardhi Kabla ya Kumwita Fundi

Skrepa ni mashine inayoparua udongo, kuubeba na kuumwaga kwingine. Ikigoma kujaa, simu ya kwanza kutoka boropiti (machimbo ya udongo) huwa ya kumwita fundi. Skrepa haina nguvu, haidroliki imelegea, injini inazama (mzunguko unashuka) ikiingia kwenye mkato, yaani sehemu inayokatwa udongo. Fundi anafika na geji zake, anapima presha, anakuta kila kitu kiko sawa, na nusu siku imeshakwenda. Malalamiko mengi ya skrepa kutojaa hayatoki kwenye chuma. Yanatoka kwenye namna ya kupakia: kina cha mkato, mteremko, unyevu wa udongo, na jinsi pusha (buldoza ya kusukuma) inavyogusa na kuachia. Ndiyo maana hapa tunaanza na ardhi, mashine inakuja karibu na mwisho.

Ninazungumzia hasa skrepa ya injini moja inayosukumwa na buldoza, aina ya Cat 631 ikiwa na pusha ya D9 nyuma yake. Saiti nyingi za kwetu siku hizi zinafanya kazi kwa eskaveta na malori, kwa hiyo mtu anayekabidhiwa skrepa mara nyingi ametokea kwenye greda au kwenye buldoza, na tabia za huko anakuja nazo. Tukubaliane majina kwanza. Bakuli ndilo linalobeba udongo. Kisu kiko kwenye mdomo wa bakuli, chini. Aproni ni mlango wa mbele unaopanda na kushuka. Ejekta ni ukuta wa nyuma unaosogea mbele wakati wa kumwaga. Pusha ni buldoza yoyote inayosukuma.

Inajaa, lakini inakawia

Hili ndilo tatizo linalokula pesa nyingi kuliko yote, na ndilo lisiloripotiwa, kwa sababu ukiitazama skrepa inapotoka kwenye mkato unaona bakuli limejaa mpaka kilima na roho inatulia.

Toa simu, fungua saa ya kupimia. Anza kuhesabu kisu kinapoingia ardhini, simamisha bakuli linapoinuka. Kwenye udongo wa kawaida, skrepa inayosukumwa vizuri huhitaji kitu kama sekunde 40 mpaka 60. Ukipata 80 au 90, usiangalie tena skrepa hiyo peke yake, angalia msafara mzima.

Udongo hauingii kwenye bakuli kwa mwendo mmoja mwanzo hadi mwisho. Mwanzoni unaingia haraka, maana bakuli ni tupu na hakuna kinachouzuia. Kadiri bakuli linavyojaa, udongo mpya inabidi uusukume ule wa zamani juu na nyuma, na kasi inapungua. Mita za ujazo mbili za mwisho zinaweza kuchukua muda sawa na nane za mwanzo. Na muda huo mashine mbili zinanguruma kwa nguvu zote, huku nyingine zinasubiri nyuma.

Hesabu yake ni nyepesi. Kwa pusha inayosukuma kisha kurudi nyuma kuanza upya, kanuni ya siku nyingi ni kwamba mzunguko wake ni muda wa kupakia mara 1.4, ongeza robo dakika. Chukua saiti yenye skrepa 5, kila moja inamaliza mzunguko wake kwa sekunde 390. Ukipakia kwa sekunde 50, pusha inarudi tayari baada ya sekunde 85, yaani inaweza kuhudumia skrepa 4 na kitu. Skrepa ya tano inasubiri kidogo tu. Sasa muache opereta ang'ang'anie kilima mpaka sekunde 80. Mzunguko wa pusha unafika sekunde 127, wa skrepa unapanda hadi 420, na pusha haimudu zaidi ya skrepa 3 na kitu. Mbili zipo foleni, dizeli inawaka.

Tuseme mzigo wa sekunde 50 ulikuwa mita za ujazo 18 na ule wa sekunde 80 ni 20. Kwa sekunde 50 pusha inaweza kutoa mizigo 42 kwa saa, kwa sekunde 80 mizigo 28. Mita za ujazo 756 dhidi ya 560. Kile kilima kizuri kimekugharimu karibu robo ya uzalishaji wa saa nzima.

Tiba yake ni kumwambia opereta lini ainue. Usimwambie "ukijaa". Mpe muda, au mpe urefu: piga vigingi viwili kwenye ukingo wa mkato, umbali wa mita 30 au kidogo zaidi kulingana na udongo wenu, akifika kigingi cha pili bakuli linapanda. Siku mbili za mwanzo atalalamika kwamba anatoka na bakuli nusu. Mpande pamoja mkaangalie, mara nyingi si nusu.

Safari ikiwa ndefu sana hesabu inabadilika kidogo, kwa sababu kila mzigo unakula muda mwingi njiani na inafaa uwe mkubwa zaidi. Lakini hata hapo foleni ya kwenye mkato ndiyo inayoamua.

Magurudumu yanazunguka pale pale

Sababu ya kwanza ni kina. Opereta ameshusha kisu sana akidhani mkato mzito ndio mzigo wa haraka. Kisu kinatakiwa kiparue tabaka la unene mmoja kwa upana wake wote, kama randa ya seremala inavyotoa maranda marefu. Kikizama, skrepa inageuka nanga. Kwa hiyo kabla ya lolote mwambie apandishe bakuli kidogo, kiasi cha vidole vichache, uone kama magurudumu yanashika.

Sababu ya pili ni haraka ya kuanza. Skrepa imefika kwenye mkato, pusha bado iko mita kumi nyuma, opereta ameshashusha kisu na kukanyaga mafuta. Matairi yanachimba mashimo mawili, na pusha ikija inakuta mashine imekaa kwenye mitaro yake yenyewe. Skrepa inayosukumwa haikujengwa ijipakie. Inaingia kwa gia ya kwanza, inapunguza, inasubiri kuguswa, ndipo kisu kinashuka. Pusha ndiyo inayofanya kazi, skrepa inasaidia.

Sababu ya tatu ni ardhi yenyewe kutokuwa na mshiko. Kwa matairi, udongo mkavu wa mfinyanzi tifutifu unakupa nguvu ya kuvuta takriban asilimia 55 ya uzito ulioko kwenye magurudumu yanayoendesha. Ukilowa inashuka hadi 45. Mchanga mkavu uliolegea unakupa 20 tu. Nyayo za chuma za buldoza kwenye udongo ule ule mkavu zinapata asilimia 90, ukilowa 70, mchangani 30. Ukizisoma namba hizo vizuri utaona kwa nini mchangani skrepa moja inaweza kuhitaji pusha mbili, na kwa nini kukanyaga mafuta zaidi hakusaidii kitu. Anayeumia ni tairi. Tairi la 37.25R35 likizungukia kwenye jiwe lenye ncha linaweza kuchanika ndani ya dakika moja, na bei yake muulize mhasibu.

Kama mashine ina loki ya difu (kifungio kinachoyafanya magurudumu mawili yazunguke pamoja), ifungwe kabla gurudumu halijaanza kuteleza, mashine ikiwa imenyooka. Kuifunga gurudumu moja likiwa linazunguka kwa kasi ni kutafuta kuvunja gia za ndani.

Pusha yenyewe inateleza au inaisukuma skrepa upande

Angalia alama za nyayo ardhini. Zikiwa wazi, kila jino limeacha mfereji wake, pusha inashika. Zikiwa zimesagika, udongo umekuwa unga, nyayo zinateleza na nguvu inapotea. Kama skrepa nayo inateleza, ni kina tu. Kama skrepa imetulia lakini pusha inateleza, huenda pusha ni ndogo kwa mashine hiyo, au sakafu ya mkato imejaa kifusi kilicholegea kilichomwagika kutoka pembeni mwa bakuli. Pusha ikiwa inarudi nyuma na ishushe bledi ikwangue kifusi hicho. Haimpotezei muda, na skrepa inayofuata inakuta sakafu safi.

Skrepa ikijikunja katikati au nyuma yake ikikimbilia kando, pusha haikugusa katikati. Mguso uwe taratibu, mashine mbili zikiwa kwenye mstari mmoja. Opereta wa pusha anayekuja kwa kasi na kugonga bloku ya kusukumia iliyo nyuma ya skrepa anavunja mashine zote mbili, na shingo ya mwenzake pia. Jambo jingine linalosahaulika ni bledi: bledi pana ya kawaida ya buldoza, mashine zikiwa zimepinda kidogo, kona yake inafika kwenye tairi la nyuma la skrepa na kulikata. Pusha ya kudumu ipewe bledi fupi ya kusukumia, yenye mpira wa kumeza kishindo ikiwezekana.

Udongo unarundikana mbele, hauingii

Ukiona rundo linatembea mbele ya skrepa, aproni imeshuka mno. Udongo unagonga mlango, unarudi, na unasukumwa kama kwa bledi. Ipandishwe kidogo kidogo mpaka udongo uanze kuchemka juu kwenye bakuli. Kwenye mfinyanzi unaotoka kwa mabonge makubwa aproni inahitaji nafasi kubwa zaidi. Mchangani ni kinyume, ukiifungua sana mchanga unaingia na kutoka tena.

Kama aproni iko sawa na rundo bado lipo, huenda bakuli limeshajaa na opereta hajui. Inue, ondoka.

Mbele pamejaa, nyuma ni tupu

Panda ngazi mashine ikiwa imesimama, breki imefungwa, bakuli liko chini, uangalie kona mbili za nyuma karibu na ejekta. Hapo ndipo pana siri. Ukikuta mapengo kwenye kona zote mbili huku katikati kuna kilima, udongo haukuwa na nguvu ya kupanda. Mchanga mkavu hufanya hivyo: unaingia, unalala pale pale, unaziba mlango. Dawa ya papo hapo ni opereta kulipandisha na kulishusha bakuli mara chache mwishoni mwa mkato, kila mara mchanga unasukumwa nyuma kidogo. Dawa ya kudumu ni maji. Boza linyeshee mkato jioni, siyo dakika tano kabla, ili maji yazame na kuushikamanisha mchanga. Ukimwaga maji asubuhi juu juu umetengeneza utelezi, chini bado ni vumbi.

Ukikuta kona zimejaa lakini kwa udongo wa jana, mgumu na umeganda, hilo ni tatizo jingine kabisa. Mfinyanzi wenye unyevu umenata kwenye kuta na sakafu ya bakuli, na ejekta haiukwangui wote. Kila safari unabeba udongo ule ule kwenda na kurudi. Udongo mweusi wa mbuga ndio bingwa wa hili. Bakuli lisafishwe mwisho wa zamu kabla udongo haujakauka. Angalia pia nyuma ya ejekta: udongo ukijikusanya huko, ejekta hairudi mpaka mwisho wake na bakuli limekuwa dogo bila mtu kujua. Hii ni mojawapo ya sababu ambazo fundi hawezi kuziona kwenye geji.

Kisu hakiumi

Skrepa inapita, vumbi linatoka, mzigo hakuna. Kwanza kagua kisu. Kikishakuwa duara badala ya ukingo, hakuna pusha itakayosaidia. Visu vingi vinaweza kugeuzwa vitumike upande wa pili, lakini vikiachwa mpaka vikaisha kabisa, bakuli lenyewe ndilo linaloanza kuliwa. Kwa moramu ngumu, kipande cha katikati kishushwe kuliko vya pembeni ili uzito wote ukae kwenye ukingo mfupi. Kwa kazi ya kumalizia, ambapo unataka sakafu iliyonyooka, vyote viwe sawa.

Kisu kikiwa kizima na bado hakiumi, ni kazi ya ripa, meno ya chuma ya nyuma ya buldoza yanayovunja ardhi. Hapa watu hukosea kwa pande zote mbili. Wengine wanaona ripa ni kupoteza muda, wanazipigisha skrepa kwenye moramu iliyoshikamana siku nzima. Wengine wanaripua kila kitu mpaka kinakuwa unga, halafu wanashangaa mashine zinateleza. Udongo uliosagwa hauna mshiko, na una hewa nyingi, kwa hiyo bakuli linabeba hewa. Ripua kwa kuuvunja tu, ukielekea kule kule skrepa zinakopakia, na usiruhusu skrepa zichukue tabaka lote lililolegea mpaka zikagusa mwamba. Ziache sentimita 10 mpaka 15. Tabaka hilo linazipa nyayo na matairi mahali pa kushika, na ripa inayofuata inaanza kwa urahisi.

Kabla ya kukodi buldoza ya pili kwa ajili ya ripa, geuza mkato. Kila asilimia 1 ya mteremko inakupa msukumo wa kilo 10 kwa kila tani ya uzito. Skrepa yenye mzigo nusu pamoja na pusha ni kama tani 100. Kwenye mteremko wa asilimia 5 hizo ni tani 5 za nguvu za bure, muda wote wa kupakia. Bado unakuta machimbo ambayo mashine zinapakia zikipanda mlima kwa sababu tu tuta (mahali udongo unapomwagwa) liko upande wa juu. Ipakie ikishuka, igeuke, ndipo ipande na mzigo wake. Kona moja ya ziada ni nafuu kuliko pusha ya ziada.

Mkato una mawimbi

Mashine inaruka, kisu kinaingia na kutoka, sakafu inakuwa na matuta kila mita chache. Mara nyingi ni mkono wa opereta, anashusha na kupandisha bakuli kwa ghafla akifukuza mzigo. Ashushe mara moja, aache. Akiona injini inazama arekebishe kidogo, siyo kung'oa kisu chote. Matuta yakishakuwepo kila skrepa inayokuja itayaongeza, kwa hiyo pusha au greda iyafute kwanza.

Kupakia kwa kuacha ukanda kunasaidia sana hapa. Skrepa ya kwanza inakata mstari wake, ya pili inakata mstari sambamba na kuacha katikati ukanda mwembamba kuliko upana wa kisu, ya tatu inauchukua ukanda huo matairi yakiwa yamekaa kwenye mikato miwili ya pembeni. Ukanda hauna cha kuushikilia kando, unaingia kwa urahisi, na magurudumu yanatembea sehemu ngumu.

Foleni kwenye mkato, au pusha imekaa kimya

Kama muda wa kupakia ni mzuri na foleni bado ipo, angalia pusha inatembeaje. Kurudi nyuma kila mara kunafaa mkato mfupi. Mkato ukiwa mrefu na mwembamba, kama wa barabara, pusha ipokee skrepa moja baada ya nyingine ikielekea mbele tu, ikifika mwisho irudi mara moja. Na kama mnajaza pande zote mbili za machimbo, pusha isukume moja kwenda na nyingine kurudi. Njia hii ya tatu inahitaji foromani mwenye sauti, la sivyo skrepa zote zinajikuta upande mmoja.

Pusha ikikaa tu huku skrepa hazionekani, tatizo liko njiani. Tairi likizama, linakula nguvu. Kwenye njia ngumu unapoteza kama asilimia 2 ya uzito, kisha ongeza asilimia 0.6 kwa kila sentimita ya kuzama. Tairi likizama sentimita 10 ni asilimia 8, sawa na kupanda mlima wa kiwango hicho safari nzima huku macho yanaona tambarare. Peleka greda na boza.

Skrepa zisizo na pusha

Mfumo wa pushi-puli hutumia skrepa mbili zenye injini mbele na nyuma. Zinaungana kwa ndoana, ya nyuma inaisukuma ya mbele ikipakia, kisha ya mbele inaivuta ya nyuma nayo ipakie, zinaachana. Tatizo lake kubwa ni kusubiriana: moja ikichelewa kwenye tuta, mwenzake amesimama. Opereta wawili lazima wawe na mwendo mmoja. Na zisipelekwe kwenye mwamba uliovunjwa, matairi manane yote yatakuwa yanaliwa badala ya nyayo za chuma.

Skrepa ya elevata ina ngazi ya vyuma inayoparua na kupandisha udongo ndani. Inajitegemea, inafaa kazi ndogo na kumalizia. Ikisimama kila mara, mkato ni mzito au kuna mawe. Ikizunguka bila kujaza, mfinyanzi mbichi umeganda kwenye vyuma vya ngazi. Ujue pia kwamba inabeba uzito wa elevata yenyewe njia nzima, kwa hiyo safari ikirefuka faida inayeyuka.

Sasa unaweza kumwita fundi

Inua bakuli, zima injini, simama kando (usiweke mguu wala mkono chini yake) utazame. Likishuka lenyewe upande mmoja haraka kuliko mwingine, au likishuka ukiliangalia, kuna sili iliyokufa au valvu inayovuja. Aproni isiyofunga mpaka mwisho, ondoa mawe kwenye ukingo kwanza, kisha ulizia silinda. Injini inayozama hata kwenye mkato mwembamba kwenye udongo ule ule ambao skrepa nyingine zinafanya kazi vizuri, hiyo ni ya fundi kweli: filta za hewa, mafuta, toki konveta. Kipimo ni kuibadilisha njia na mwenzake. Tatizo likihama na mashine, ni mashine. Likibaki kwenye mkato, mashine haina kosa. Na kabla mtu yeyote hajaingia chini ya bakuli kubadilisha kisu, pini ya kulizuia iwe imefungwa na magogo yamewekwa.

Mvua ikinyesha kwenye udongo mweusi, usipime chochote. Sakafu ya mkato iachwe na mteremko kidogo kila jioni ili maji yasitulie, tabaka la juu lililolowa likwanguliwe na pusha na kusukumwa pembeni asubuhi, na skrepa ziingie ikibaki sehemu kavu chini yake. Kama tairi linatoka limebeba udongo unene wa kiganja, pakini mashine mpaka kukauke.